Siku Niliyogonga Kisiwa kwa Kisigino

Wazo la kwenda kisiwani lilinijia kwenye simu. Ilikuwa saa nane mchana, wateja wameisha kula, nami nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya malewa ya mama mdogo, kile kibanda chetu cha kuuza bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo pale mtaa wa Kapata. Nikaona video ya mwanamke mmoja mzungu aliyekwenda peke yake kusherehekea siku yake ya kuzaliwa kwenye kisiwa cha Uskoti, mbali kabisa, mahali ambapo hakuna mti hata mmoja, ni kondoo na upepo tu. Amevaa koti la mvua la njano. Anatembea ukingoni mwa maji, anazunguka, anakaa juu ya jiwe, anafungua chupa ya chai, anakunywa. Anacheka peke yake. Basi. Video imeisha.

Niliirudia mpaka mega zikaniishia.

Kilichonishika si kondoo. Ni kwamba muda wote ule hakuna aliyemwuliza unaenda wapi, unatoka wapi, nani amekutuma. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kupata saa moja ya namna hiyo. Nikajiambia: miaka ishirini na mitano inakuja mwezi wa saba, na mimi nitazunguka kisiwa. Uskoti sitafika, lakini maji tunayo. Kule Nzilo bwawa la umeme lilipofunga mto Lualaba, maji yalipanda yakameza mabonde, na vilima vikabaki na vichwa nje. Vichwa hivyo ndivyo visiwa vyetu. Nilikuwa nimeviona mara moja tu, kwa mbali, nikiwa juu ya lori.

Nilipomwambia mama mdogo, aliacha kusonga bukari.

“Peke yako? Kule kuko nani?”

“Hakuna mutu, Mama.”

“Huyo Hakuna-mutu, eko na ndevu?”

Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Kwa mama mdogo, msichana anayepanda pikipiki peke yake kwenda majini na chupa ya chai hawezi kuwa anafuata maji. Nilimwapia kwa jina la marehemu mama yangu, akaninyamazia siku mbili, siku ya tatu akanichemshia mayai manne. Hivyo ndivyo anavyotoa ruhusa.

Mwezi wa saba kwetu ni wakati wa baridi. Asubuhi ile nilitoka wote wamelala, mdomo unatoa moshi, nimevaa matriko mawili ya sufu na kofia ya kaka. Kwenye pikipiki machozi yalinitoka kwa upepo na nikayaacha yatoke, kwa sababu nilikuwa na furaha pia na sikuona haja ya kuyatenganisha.

Mwenye mtumbwi alikuwa tata mmoja, baba mzee kidogo, masikio makubwa, mtu wa maswali.

“Madmazeli, unaenda kununua samaki?”

“Hapana, Tata. Naenda kutembea.”

“Kutembea kwa nani?”

“Kutembea tu. Nizunguke kisiwa.”

Aliacha kupiga kasia. Mtumbwi ukateleza wenyewe kati ya miti iliyokufa, ile miti ya zamani ambayo bado imesimama ndani ya maji, myeupe, na ndege weusi wamekaa juu wakikausha mabawa.

“Na ukimaliza kuzunguka?”

“Nakunywa chai.”

“Chai haiko kwenu?”

Nikacheka. Alitikisa kichwa, akaniteremsha kwenye mchanga mdogo, akasema atarudi saa kumi. Akaongeza kwamba wavuvi wa pale wako kwenye nyavu mpaka jioni, amebaki mama mmoja tu anayekausha samaki, nisimwogope.

Mama huyo sikumwona. Niliona vibanda vitatu vya miti na turubai, vichanja vya kukaushia samaki, shamba la mihogo, na nyuma yake rundo kubwa la matofali ya kuchoma yaliyofunikwa kwa nyasi. Kisiwa hakikuwa kikubwa. Kutoka mchangani niliona kilele chake, na nikahesabu kwa macho kwamba nikitembea polepole nitakizunguka chote kabla ya saa saba. Nikatafuta mahali pa kutandika mkeka ili nianze na yai. Na kabla ya kutandika, nikagonga ardhi kwa kisigino. Tu, tu, tu. Nikasogea, tena tu, tu.

Hapo lazima nieleze. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Kasulo. Nilikuwa naanza sekondari watu walipoanza kuchimba madini ya kobalti ndani ya nyua zao, kisha ndani ya vyumba vyao. Unalala, chini ya kitanda unasikia mtu anakohoa, na huyo mtu si wa nyumba yenu. Baba alitufundisha: kabla ya kutandika, gonga sakafu kwa kisigino. Ikijibu sauti kavu, lala. Ikijibu kama pipa tupu, hamia kona nyingine. Leo naishi Kapata, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa migodi, zenye sakafu nzito kama ya kanisa, na bado nagonga. Nagonga kanisani, nagonga hospitali. Mguu wangu haujui kwamba tulihama.

“Unakuambia nini?” sauti ikasema nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kiume, jembe begani.

“Jambo, Mama. Unisamehe, sikusalimia, sikuona mutu.”

“Mi nimekuona tangu ukiwa mu bwato ya tata. Nauliza, udongo unakuambia nini?”

“Hauniambie kitu, Mama. Nilitaka kukaa tu.”

“Mutu anakaa na matako. Hakae na kisigino.” Alishusha jembe. “Nani alikutuma?”

Swali lenyewe lile! Nimesafiri mpaka katikati ya maji, limenisubiri mchangani.

“Hakuna mutu alinituma. Leo ni aniversere yangu. Nimekuya kutembea peke yangu, nione kisiwa.”

Aliniangalia kuanzia kofia ya kaka mpaka viatu.

“Aniversere. Na mbona uko mukavu?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu mtu akitimiza mwaka anamwagiwa maji. Wanakungoja nyuma ya mlango na beseni, wengine wanaongeza unga, na usipokimbia vizuri wanaongeza yai. Mtu mkavu siku yake ya kuzaliwa, ama hana watu ama anadanganya.

“Nilibaacha bakilala, Mama. Nilikimbia.”

Alikwenda ukingoni, akachukua kopo la kutolea maji mtumbwini, akalijaza, akarudi kwa mwendo uleule, akanimwagia kichwani. Maji ya Nzilo, mwezi wa saba! Nilipiga kelele, ndege weusi wote wakaruka. Yeye uso haukubadilika.

“Haya. Nusu nimeamini. Nusu ingine iko mu miguu yako. Mpaka tata wa bwato arudi, nitakufuata.”

Na kweli alinifuata. Mimi niliyekuja kuwa peke yangu nikazunguka kisiwa nikiwa na polisi nyuma, hatua kumi, jembe begani. Nikisimama kuangalia maji, anasimama. Nikiinama kuokota jiwe laini, anakohoa, naliacha. Nilijaribu kufurahi kwa nguvu, na mimi kwa kufurahi sishindwi haraka: nilimwonyesha kisiwa kingine kwa mbali kilichofanana na kichwa cha kiboko, nikamwuliza ndege wale wanaitwaje. Alihamisha jembe bega la pili. Triko langu la juu nilikuwa nalipeperusha mkononi ili likauke.

Karibu katikati ya mzunguko, upande usiokuwa na upepo, niliona jiwe bapa lililoingia majini. Jiwe kabisa kama la video. Nikatandika mkeka, nikakaa, nikafungua chupa. Mama akakaa juu ya jiwe lake, kando. Sasa utakunywaje chai, mtu mzima anakuangalia na mikono mitupu? Nilijaza kifuniko nikampelekea. Alikinusa kwanza, akanywa.

“Sukari kidogo,” akasema.

“Mama mudogo njo alitia. Bado amenikasirikia.”

“Ju ya nini?”

“Anasema kuko mwanaume huku.”

Aliguna, guno fupi, karibu liwe cheko. Nikampa yai. Akalimenya polepole, na hapo ndipo alipoanza kuzungumza, akiangalia yai, si mimi. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa Kasulo. Jirani alichimba kwake, akafuata mshipa wa madini, mshipa ukapita chini ya chumba cha huyu mama, na siku moja mchana kabati likaingia ardhini pamoja na vyombo. Hakuna aliyekufa. Akahamia nje ya mji, kando ya barabara, akajenga tena. Miaka miwili, watu wakapata mawe kwenye shamba la pembeni, kila mtu akaja na sululu, wakamwambia ahame kabla hajaangukiwa. Akahama. Mume wake akafa mwaka huohuo, kwa ugonjwa wa kawaida. Akaja kisiwani kwa kaka yake mvuvi, miaka sita sasa.

“Na mi ni wa Kasulo, Mama,” nikasema. “Njo maana ya kisigino. Baba alitufundisha kugonga mbele ya kulala. Sitafute kitu. Ni mazoea.”

Aligeuka kuniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

“Upande gani?”

“Nyuma ya soko. Palikuwa muembe wa tawi moja.”

“Na ulifanya kazi gani?”

“Niliosha mawe mutoni na bamama. Miaka tano.”

“Kobalti mbichi iko namna gani?”

“Nyeusi, kama makaa yaliyolowa. Inashika mikono. Shaba njo ya kijani.”

“Ah,” akasema. “Kumbe unajua.”

Nikajua nimejifunga kamba shingoni mwenyewe. Alisimama, akakung’uta maganda ya yai, akachukua jembe. Nilifikiri sasa ananipeleka mchangani nikamsubiri tata juani. Nikaanza kukunja mkeka wangu polepole, maana nusu ya pili ya kisiwa nilikuwa sijaiona.

“Kuya,” akasema.

Hakunipeleka mchangani. Alinikatia njia katikati ya mihogo mpaka kwenye lile rundo la matofali, akafunua nyasi. Matofali yalikuwa mazuri, mekundu, yaliyoiva sawasawa, lakini ya juu yalikuwa yameota ukungu wa kijani na mijusi walikuwa wameyafanya mji wao.

“Nilifinyanga mwenyewe, nikachoma mwenyewe,” akasema. “Mwaka wa pili kufika hapa. Yanalala tu.”

“Mbona haujenge?”

“Turubai unafunga, unaenda. Nyumba haifungwe.” Alipiga tofali moja kwa kiganja, kama mtu anayempiga ng’ombe mgongoni. “Nikijenga, siku moja batakuya baseme chini kuko kitu, mama toka. Mara mbili nimetoka. Mara ya tatu sina magoti ya kutoka.”

Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ya chini, sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea:

“Nyinyi batoto ba mawe munajua. Niambie. Chini ya fasi hii kuko kitu, ao hakuna?”

Mimi shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo kubwa kuliko kama sombe imekolea. Na sasa mtu ananiuliza swali ambalo nikilijibu vibaya atajenga juu ya jibu langu, tofali juu ya tofali, na kulala ndani. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Niliangalia ardhi nikaona kwamba hili nalijua. Kusoma sijui sana, lakini kuna wanunuzi wa mawe wenye mashine za kupimia ambao nilikuwa nawaambia uzito wa jiwe kwa kulishika tu, wakapima, wakanyamaza.

Nilitembea mahali pale pote. Penye shaba kuna kimea kifupi chenye maua ya zambarau, miti inakataa kuota, nyasi zinakuwa kama nywele za mgonjwa. Pale nyasi zilikuwa zinanifika kiunoni na mihogo ilikuwa minene.

“Juu ni kuzuri, Mama. Lakini juu haitoshe. Lazima tushuke.”

“Tushuke nani?”

“Mi na weye.”

Alirudi nyuma hatua moja. “Mwanamuke hachimbe shimo.”

Hilo nililijua kuliko yeye. Migodini mwanamke haruhusiwi hata kusogelea mdomo wa shimo. Wachimbaji wanasema akikaribia, madini yanakimbia, yanazama au yanageuka udongo. Miaka mitano nimeosha mawe yao bila kuona yanakotoka. Bukari yetu wanakula mpaka wanalamba vidole, shimoni tusiwakaribie.

“Bwana yangu alikuwa akinikataza hata kupeleka chakula,” akasema. “Mwanamuke akifika, bitu binakimbia.”

“Basi bikimbie, Mama!” nikasema. “Sisi tunabitaka?”

Alinitazama. Halafu akacheka, cheko ambalo sikulitegemea kwa mwili mwembamba vile, akashika rundo la matofali asianguke. “Bikimbie!” akasema. “Banawake babili! Bitakimbia mpaka Zambia!” Akafuta macho kwa kitenge, akanipa jembe.

Nilitaka kuanza katikati ya kiwanja. Akanishika mkono.

“Weye! Nimefukuzwa na mashimo mu nyumba mbili, unanichimbia la tatu mu salon ya wageni?”

Tukaenda kona ya nyuma, hatua nane kutoka pale ukuta wa nyuma utakapokuwa. Nilivua triko la pili, nikafunga kofia. Ndivyo nilivyoanza kuchimba shimo siku yangu ya kuzaliwa, mimi niliyekuja kupumzika na mashimo. Nikamfikiria yule dada wa Uskoti na koti lake safi. Ningependa anione.

Kaka zangu walikuwa wachimbaji, nimewasikia wakieleza maisha yangu yote: shimo jembamba, upana wa mabega tu, mpini wa jembe ukatwe mfupi, na kila ukishuka unachonga vishimo viwili ukutani vya kuwekea vidole vya miguu. Kwa maneno ni rahisi. Nusu saa ya kwanza mikono ilitoa malengelenge, mama akaifunga kwa vitambaa bila kuuliza. Yeye alivuta udongo kwa ndoo na kamba ya nyavu. Nikichoka alishuka yeye, na alichimba vizuri kuliko mimi, kimya, kama anayemtafuta mtu aliyemkosea.

Udongo wa juu ulikuwa mwekundu na mizizi. Chini yake changarawe. Chini ya changarawe udongo wa njano, laini. Kila rangi ilipobadilika nilipanda na ndoo mpaka ukingoni mwa ziwa, nikachota kwenye sahani ya bati, nikaosha kama nilivyoosha miaka ile: unazungusha, unamwaga matope kidogo kidogo, vyepesi vinatoka na maji, vizito vinabaki chini. Madini ni mazito. Hayawezi kujificha kwenye sahani.

Mama alikuwa ananiinamia begani, sikio langu linasikia pumzi yake.

“Ile nyeusi?”

“Kimuzizi kilichooza, Mama.”

“Na ile?”

“Mavi ya mududu.”

“Uko na uhakika?”

“Mama, naweza kukosea wanaume. Mavi ya mududu sikosee.”

Sahani ya kwanza, mchanga mweupe. Ya pili, mchanga mweupe na vipande vya jiwe la kung’aa. Ya tatu niliosha mara mbili kwa sababu mkono wake ulikuwa umenishika bega kwa nguvu. Mchanga mweupe.

Shimo liliponipita kichwa jembe liligonga mwamba wa rangi ya majivu, na maji yakaanza kuchuruzika kwenye vidole vyangu. Nikavunja kipande kwa chuma cha kufungia mtumbwi. Nikakiangalia juani, nikakilamba, ndiyo, tunalamba. Hakuna kijani, hakuna weusi, hakuna ladha ya sarafu.

“Hakuna kitu,” nikasema kutoka chini.

Nilimwona juu yangu, amepiga magoti, kichwa chake kimeziba jua.

Sasa hapo ningeweza kunyamaza, na siku ingekuwa nzuri zaidi. Lakini huwezi kumpa mtu nusu ya neno akajenge juu yake. Nikatoka shimoni, nikakaa mbele yake, matope mpaka masikioni, nikamwambia: “Mama, nakuambia ukweli. Hii nimeona ya fasi hii tu. Hatua mia kule sijue. Ng’ambo ya maji sijue. Na kuna batu banaweza kukuya hata fasi haina kitu, banafukuza batu mbele, banatafuta nyuma. Hao siwezi kubajibia.”

Alifikiria. Alichukua kile kipande cha mwamba mkononi mwangu, akakilamba na yeye, akakunja uso.

“Nyumba itasimama hapa,” akasema. “Haisimame hatua mia kule.”

“Ndiyo, Mama.”

“Miaka sita siku zote nalala nikiuliza chini kuko nini. Ya batu sitaijua, hata bishop hajue. Ya chini nimejua.” Alisimama, akajipangusa magoti. “Na hii shimo usijaze. Itakuwa choo.”

Kisha akawa mtu mwingine kabisa. Mtu aliyekuwa ananifuata hatua kumi nyuma sasa alikuwa mbele, anakimbia. Alileta kamba ya nyavu, vijiti vinne, akanisimamisha kona. Hapa mlango, uangalie maji. Hapana, maji yanaleta mbu, uangalie mihogo. Hapana, maji, nione kaka akirudi. Tukapima kwa hatua zake, vyumba viwili na salon. Nilipomwambia salon ni ndogo akasema wageni wake ni samaki. Nikamwonyesha jinsi ya kupata kona iliyonyooka kwa pembetatu ya kamba yenye vifundo, pande za tatu, nne na tano, kitu ambacho fundi mmoja mteja wetu alinifundisha akisubiri bukari. Aliitazama kona ile kwa muda, akaikanyaga pande zote mbili, akasema, “Kumbe una akili, mwana. Nilifikiri una miguu tu.”

Saa kumi tata alifika, akatukuta mimi nimeshika kijiti cha mwisho na mama anakipigilia kwa jiwe.

“Munafanya nini?”

“Tunapima nyumba,” mama akasema bila kuinua kichwa.

“Nyumba ya nani?”

“Yangu. Kesho ukiya, ulete simenti.”

Tata aliangalia rundo la matofali, akaniangalia mimi, matope toka nywele mpaka viatu.

“Madmazeli, ulisema unakuya kutembea.”

“Nimetembea nusu, Tata.”

Na ni kweli, nusu ya pili ya kisiwa siijui mpaka leo. Labda ndiyo nzuri. Mama alinifungia samaki wanne wakavu kwenye gazeti, akanishika mikono yote miwili kwenye vitambaa, akasema tu, “Ufike muzuri.” Hakuniambia nirudi. Alikuwa na haraka, macho yake yalikuwa tayari nyuma, kwenye kamba.

Tulipokuwa kati ya miti iliyokufa nikasikia sauti kutoka kisiwani, kavu, moja, halafu nyingine. Tofali juu ya tofali. Alikuwa hajangoja simenti, anayapanga tu juu ya mstari ili aone nyumba inavyokaa. Tata aliinua kasia, akasikiliza mpaka maji yakaacha kudondoka.

“Sasa atanisumbua na simenti mpaka Noeli,” akasema, akaanza kupiga kasia, na nilimwona anacheka.